Kilo Nne za Bukavu

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani asiye na shaka huharibu nguo za watu. Mteja anakwambia kiuno chake ni kile kile cha mwaka jana. Wewe unamwitikia "sawa, mzee," halafu unazungusha tepu. Nimekuwa hivyo tangu ujana. Mke wangu husema hata nikiletewa uji wa bure nitauliza kwanza nani kaupika na kwa nini. Kwa hiyo mtu asishangae akisikia kwamba kuna wakati nilishika njia kuuchunguza ushindi wangu mwenyewe, kama vile umeibwa mahali.

Miaka ile ya tisini mwanzoni nilikuwa na cherehani yangu barazani kwetu Nyakabanda, na jioni nilicheza ngumi. Klabu yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya karakana ya seremala. Mfuko wa mazoezi tuliujaza vumbi la mbao, na kila ukiupiga unapiga chafya. Mwalimu wetu alikuwa mzee mfupi wa pua iliyopinda, aliyepigana Bujumbura zamani za Wabelgiji, na sijapata kuona mtu mwenye shaka kumshinda yeye. Mimi kwake nilikuwa mwanafunzi katika mambo yote mawili.

Ukutani mwa chumba kile kulikuwa na misumari. Msumari ulikuwa wa mtu mmoja, na juu yake zilitundikwa bandeji za mikono alizofunga siku aliyopata ushindi mzima, bila kufuliwa, na jasho lake na damu yake. Mwalimu ndiye aliyegonga misumari hiyo, hakuna mwingine. Mwamuzi angeweza kukuinua mkono mbele ya watu wote, wakupigie makofi na vigelegele, lakini kesho yake mwalimu anakukalisha kwenye benchi na kukuuliza maswali matatu: umempiga nani, alikuwa kilo ngapi, na nani alimpiga kabla yako?

Alikuwa na hesabu zake. Ukimpiga mtu aliyekupiga zamani, ushindi ni mzima na una nyongeza. Ukimpiga mtu aliyejinyima chakula na maji ili ashuke uzito wako, ushindi ni nusu, maana umepigana na kivuli chake. Ukimpiga mtu ambaye mwingine ameshamlaza karibuni, hapo pia unakatwa, kwa sababu ukuta uliokwisha kupasuka hata mbuzi anauangusha. "Ushindi ni mgeni," alikuwa akisema. "Usimpe kiti kabla hujamuuliza katoka wapi."

Bandeji za klabu nzima nilizikata mimi, kwa kitambaa cha amerikani, na nilizipinda kingo kwa cherehani yangu. Za wenzangu wanne zilikuwa zimetundikwa pale ukutani. Za kwangu ndizo zilizokuwa zinakwenda kwenye beseni kila wiki. Nilitaka msumari ule kuliko nilivyotaka kuoa, na mama yangu alilijua hilo na lilimkera.

Aliyekuwa na msumari wangu, kama nilivyoona mimi, alikuwa makanika mmoja wa Kimihurura. Tulikuwa rika moja. Alikuwa na mikono mirefu na maneno machache, na alinipiga mara mbili kabla ya vita. Mara ya kwanza alinishinda kwa pointi, nikasema majaji wamenionea. Mara ya pili alinipiga ngumi ya ini, nikapiga magoti mbele ya mtaa mzima, na hapo sikuwa na la kusema. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikubali, lakini shingo upande.

Kisha ikaja Oktoba ya mwaka wa tisini. Vita vilianza kaskazini, na mjini kwetu ikapigwa marufuku kutembea usiku. Watu walichukuliwa majumbani na makazini wakaambiwa ni ibyitso, vibaraka wa wale waasi waliovuka mpaka. Wengi walifungiwa kwanza kwenye uwanja wa mpira, si mbali na mtaa wetu, kabla ya kupelekwa magereza. Kila mtu akaanza kumtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Ngumi zilisimama. Makanika wa Kimihurura akapotea, na mimi, nasema kweli, nilidhani amepata kazi kwingine.

Alirudi kuonekana kiangazi cha mwaka uliofuata. Mashindano yalikuwa yameanza tena, na siku moja aliingia klabuni kwetu akiwa amevaa koti kubwa la mvua, jua likiwaka. Juu ya jicho alikuwa na kovu jipya, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Akamsalimia mwalimu kwa adabu, akasema alikuwa Bukavu kwenye gereji ya binamu yake.

"Na hayo meno?" mwalimu akauliza.

"Ni Mkongo moja, mwalimu. Tulipigana, akanilaza."

"Na uzito?"

"Nilinona. Kule kuko samaki mingi na ugali. Niliacha kupima kwa sabini na moja." Akacheka na pengo lake. "Lakini nitashuka. Nataka huyu fundi, kwa sitini na saba yake."

Nilifurahi hata nikasahau kushuku. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na shemeji kwenye serikali ya mtaa, ofisi ya komini, na aliyependa kuvaa kofia ya chama tawala hata mazoezini, alimuuliza: "Bukavu upande gani?" Makanika akataja mtaa. "Karibu na nini?" Akataja soko. Mwenye kofia akaitikia kwa kichwa polepole kama anayeweka kitu mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitafunga bandeji zipi.

Kwa wiki kadhaa mji ulimwona akijikausha. Alikimbia saa sita mchana, kutoka Kimihurura kupanda mpaka mjini, amejifunga mifuko ya plastiki chini ya koti lile, akitema mate njia nzima. Wauza karanga walimpigia miluzi. Habari zilitufikia Nyakabanda kila jioni, na kila zilipofika mwalimu alikunja uso. "Anakuja mkavu," alisema. "Fundi, mtu huyu anakuletea mifupa."

Siku ya kupima tulikwenda dukani kwa haji mmoja aliyeuza maharage na mchele, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mizani ya magunia, na klabu hazikuwa na mizani. Desturi ilikuwa hiyo: mnapanda mmoja mmoja pale magunia yanapokaa, mmebaki na kaptula, haji anasogeza chuma na kusoma kwa sauti, na watu wa mtaa wamejaa mlangoni. Nilifika mapema. Nilizunguka nyuma ya duka kwenda haja ndogo, na huko nikamkuta makanika amepiga magoti kwenye bomba, anakunywa maji.

Hakunywa mafunda mawili ya kulowesha koo. Alikunywa kama ng'ombe, akapumzika, akashika tumbo, akarudia. Hakuniona. Nilirudi mbele nikiwa nimepigwa na butwaa. Mtu anayejikausha huota maji, huyalilia, lakini hayagusi mpaka ashuke kwenye mizani. Maji ni kilo. Yeye alikuwa anaziongeza.

Alipanda akiwa na koti, akalivua hapo hapo juu ya mizani, haraka, na haji akasoma: sitini na sita na nusu. Watu wakashangilia. "Amekauka! Amefika!" Mbavu zake ungeweza kuzihesabu, na kila mtu alisema hiyo ni kazi ya mifuko ya plastiki. Mimi nilipanda nikawa sitini na saba kamili. Sikusema kitu juu ya bomba. Niliwaza kwamba pengo na kovu vinaweza kumfanya mtu asahau hesabu, halafu nikawaza kwamba labda mizani ya haji imechezewa, halafu nikawaza kwamba ninawaza sana.

Tulipigana Jumapili. Sitaeleza pigano lote, maana wanaopenda kueleza mapigano yao mara nyingi ni wale waliopigwa. Raundi ya kwanza alinipiga kwa mikono yake mirefu nisimfikie. Ya pili nilijifunza kuingia chini. Ya tatu nilimpata mbavu za kushoto, akaenda chini, akainuka kwenye hesabu ya saba na kumaliza amesimama. Majaji wote walinipa mimi. Alinikumbatia akaniambia sikioni, "Safi, fundi," na nilihisi moyo wake unavyopiga kifuani pake. Nililala usiku ule bandeji ziko chini ya mto.

Kesho yake mwalimu alinikalisha kwenye benchi. Wote walikuwepo, na mwenye kofia pia.

"Umempiga nani?"

"Makanika wa Kimihurura, aliyenipiga mara mbili."

"Vizuri. Alikuwa kilo ngapi?"

"Sitini na sita na nusu."

"Siku ile. Kabla yake?"

Mwalimu akajibu mwenyewe: "Sabini na moja. Kilo nne na zaidi amezitema njiani. Hiyo ni nusu. Na nani alimlaza kabla yako?"

"Mkongo," nikasema.

"Basi na nusu hiyo nayo tunaikata. Mkongo ndiye alikula nyama, fundi. Wewe umeokota mfupa." Akainuka na kwenda kumrekebisha mtu aliyekuwa anapiga mfuko vibaya.

Hasira niliyoipata sijui niieleze vipi. Nilikwenda nyumbani nikashona suruali ya mtu miguu miwili ya kushoto. Kwanza nilimshuku mwalimu: nilisema ananionea kwa sababu yeye hakuwahi kumpiga mtu wa maana huko Bujumbura. Baadaye nikamshuku makanika. Niliona amejikausha makusudi, ili akishinda awe shujaa, akishindwa awe na kisingizio, na mimi kwa vyovyote nitoke mikono mitupu. Lakini kila nilipofika hapo, lile bomba lilirudi. Kama alitaka kisingizio cha kukauka, alikunywa nini?

Kwetu kulikuwa na kawaida kwamba aliyeshinda humwalika aliyeshindwa chai, ili jambo liishie ulingoni. Nilimtumia salamu, naye akaja siku ya Alhamisi, na koti lake. Mama akamletea chai ya maziwa na mandazi. Tuliongea habari za ngumi, na mengine hatukugusa. Mtu aliyetoka kujinyima wiki kadhaa, mbele ya mandazi ya mama yangu, angekula mpaka sahani iombe msamaha. Yeye alikula moja taratibu, akatafuna kwa upande wa meno mazima.

Alipoinama kuweka kikombe chini, koti lilipanda juu, na macho yangu yakafanya kazi yao. Kiuno cha suruali yake kilikuwa kimepunguzwa kwa nyuma, kwa sindano ya mkono, mkunjo mpana wa vidole vinne. Mshono haukuwa wa fundi. Ulikuwa wa mama au dada. Na uzi haukuwa mpya. Ulikuwa mweusi wakati unashonwa, sasa umepauka mpaka umefanana na majivu, na kwenye mkunjo kitambaa kilikuwa kimechanika kwa kufuliwa mara nyingi. Suruali ile ilipunguzwa siku nyingi kabla ya mbio za mifuko ya plastiki.

"Vua hiyo nikushonee vizuri," nikasema. "Bure. Ni aibu kwangu uondoke hapa na mshono huo."

Akashusha koti haraka. "Hapana, asante. Iko sawa."

"Dakika tano tu."

"Nimesema iko sawa, fundi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alimshukuru mama na kuondoka chai haijaisha.

Sasa nilikuwa na uzi mkononi, na mimi nikishika uzi sitaki kuuachia. Mtu huyu hakuwahi kuwa na kilo sabini na moja. Hakunenepa Bukavu wala mahali popote. Alikuwa mwembamba muda mrefu, akajifanya mnene chini ya koti, kisha akajifanya anakonda mbele ya mji mzima. Kwa nini, sikujua wala sikujali. Nilichojali ni kwamba kama hakukauka, nusu ya ushindi wangu inarudi. Na kama kilo za Bukavu ni uongo, huenda na Mkongo ni uongo, na nusu nyingine inarudi. Nilikuwa nauona msumari wangu ukutani.

Wiki iliyofuata nilifunga cherehani mapema nikaenda Kimihurura. Kwenye bariyeri, kizuizi cha njiani, askari alitazama kabila kwenye kitambulisho changu, akanitazama, akakitazama tena, akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nikasema kwa makanika, gari la mteja wangu limeharibika. Sijui kwa nini nilidanganya. Siku zile ulimi ulijifunza wenyewe.

Nilimkuta peke yake gerejini, amelala chini ya gari la mkubwa fulani. Alipoona viatu vyangu alitoka, akafuta mikono, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu.

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja tuongee."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimekuja kwa ajili ya kilo zako."

Akaacha kufuta mikono. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo: bomba, koti, mandazi, uzi uliopauka. Nikamwambia habari ya misumari na hesabu za mwalimu. "Njoo klabuni Ijumaa," nikasema. "Useme mbele ya watu kwamba hukukauka. Maneno mawili tu. Mimi nimekupiga kwa haki, na wewe unajua."

Niliona ananipima, kama mimi ninavyompima mteja anayesema hana haraka.

"Yule wa kofia," akasema, "ni rafiki yako?"

"Tunafanya mazoezi pamoja."

"Yeye ndiye anataka kujua?"

"Ni mimi ninayetaka kujua. Wallahi ni mimi peke yangu."

Akaketi kwenye tairi. Kisha akasema, "Mwezi ule wa kumi, vita vilipoanza, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nashona."

"Na mimi nilikuwa jirani yako, sha. Pale kwenye kiwanja. Nilikuwa nasikia adhana yenu ya asubuhi, na ya mchana, zote. Nikasema moyoni, fundi sasa ameamka. Fundi sasa amekwenda kuswali. Mbele ya kutupeleka gerezani nilikuwa najua saa kwa adhana yenu."

Mama yangu alikuwa amekwenda kule uwanjani na ndoo ya maji siku zile. Walimrudisha. Nilikumbuka alivyoiweka ile ndoo uani, na haikunijia hata mara moja kwamba ndani ya uwanja ule kunaweza kuwa na mtu ninayejua uzito wa ngumi yake.

"Na Mkongo?" nikauliza.

"Hakuna Mkongo." Akagusa pengo kwa ulimi. "Nilipotoka nilikuwa hamsini na nane. Mama alinirudisha kwa ndizi na maharage. Nikafika sitini na tano, mwili ukakataa. Yale maji yalikuwa ya kujazia. Watu wakiona nimekonda watauliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa Bukavu. Lakini mtu wa kutoka Bukavu anakuja mnene, si ndiyo? Basi nikatafuta njia ya kuwa mwembamba mbele ya macho yao. Kwa ngumi hakuna mtu anashangaa."

"Ungekaa nyumbani tu."

"Anayekaa nyumbani wanamfuata. Mtu anapanda ulingoni mbele ya watu wote, nani atasema anajificha?" Akainuka na kuchukua spana yake. "Wenye kutufunga walituachia, lakini hapa gerejini nimepewa kazi kwa hiyo hadithi ya Bukavu. Na wenye kofia bado wanauliza. Sasa sikiliza, fundi. Sitini na tano ni kilo zangu za kweli. Nilikula vizuri siku ile. Hukunipiga mkavu. Ulinipiga nimeshiba, na kabla yako hakuna mwana-ngumi alinilaza. Ushindi ni wako, mzima. Lakini usiubebe mbele ya watu."

Nilitaka kumwamini na nilitaka kumshuku, yote mawili. Kuna sauti iliyosema labda amesema hivyo ili nifurahi na nifunge mdomo. Kuna nyingine iliyouliza kama mtu aliyetoka gerezani anaweza kuitwa ameshiba, hata akila. Lakini kwa hesabu za mwalimu hapakuwa na mahali pa kuandika kipigo alichopigwa mtu kwa sababu ya kabila alilozaliwa nalo. Aliyepigwa namna hiyo hajashindwa na mtu. Niliondoka bila kuaga vizuri, na kwenye bariyeri askari yule yule aliniuliza kama gari limepona.

Ijumaa, baada ya mazoezi, mwalimu alikuwa anakunja kamba. Mwenye kofia akasema kwa sauti ya mzaha, "Mwalimu, nasikia fundi alikwenda Kimihurura. Watu wamemwona."

Mwalimu akanitazama. "Ulikwenda kufanya nini?"

"Kuulizia kilo zake," nikasema. Lisemwalo lipo, kukataa kungekuwa vibaya zaidi.

"Mwambie mwalimu basi," mwenye kofia akasema. Alikuwa amesogea karibu, anatabasamu. "Alikuwa sabini na moja kweli? Maana mimi niko na mashaka. Mtu ametoka Bukavu hajui hata bei ya samaki."

Nakumbuka bandeji zangu zilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimezibeba tangu siku ya pigano. Mbele yangu kulikuwa na ukuta na misumari yake. Maneno mawili tu, nilimwambia makanika, na sasa maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu mimi. Nilikuwa nimeusubiri msumari ule miaka, na nilijua sitapata tena mtu wa kunipa ushindi wa namna hiyo.

"Sabini na moja," nikasema. "Na ushei. Nimeona suruali zake za zamani, ni kubwa, zinamvuka. Mimi ni fundi, najua. Alikauka. Na huyo Mkongo nimesikia habari zake, alimpiga vibaya sana."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa wateja wangu wa Bukavu. Wewe unataka nikuletee na cheti chake cha ubatizo?"

Watu wakacheka. Mwenye kofia akacheka mwishoni, baada ya wengine, kisha akachukua taulo lake. Mwalimu hakucheka. Alimaliza kukunja kamba, akaitundika. "Basi ni nusu ya nusu," akasema. "Nilishasema. Msinisumbue tena na pigano hilo."

Nilipokuwa natoka, wengine wameshafika njiani, aliniita kutoka mlangoni. "Fundi." Nikageuka. "Hizo bandeji zako usizifue."

Akafunga mlango. Mpaka leo sijui alijua nini na alijua tangu lini. Wakati mwingine nashuku alijua tangu siku ile ya koti, na kwamba zile hesabu zake kali siku ya benchi zilikuwa za kumfunika yule mtu, si za kuninyima mimi. Wakati mwingine nashuku aliniona nataka kulia tu, akanihurumia. Sikumuuliza. Nilizitia bandeji kwenye kopo la biskuti, na nilipomwona makanika mjini tulisalimiana kwa kichwa, kila mtu upande wake wa barabara. Mara moja aliniletea suruali ile, ameikunja ndani ya gazeti. Niliufumua mkunjo wote nikaipanua tena, maana mwili ulikuwa umerudi.

Aprili ya tisini na nne hakuivuka. Nilipata habari mwezi wa nane, kwa dada yake, aliyekuja barazani kwangu akiwa na gauni moja alilovaa. Aliniambia ilikuwa siku ya pili tu ya mauaji, na kwamba waliokuja mlangoni walikuwa watu waliomjua vizuri. Nilimshonea dada yule nguo huku nalia, na kila nikifuta macho mshono unapinda. Mwalimu alikuwa amevuka mpaka pamoja na wengi waliokimbia. Watu walisema yuko Bukavu kweli. Sikumwona tena. Mwenye kofia sikumtafuta.

Mwisho wa mwaka nilisikia kishindo cha mfuko nyuma ya karakana ya seremala, nikaingia. Vijana waliokulia ukimbizini Uganda walikuwa wamekifagia chumba na kuanza mazoezi. Milango ilikuwa imebebwa, na bandeji za ukutani zilikuwa zimechukuliwa, nadhani kufungia vidonda, lakini misumari ilibaki. Kiongozi wao, kijana mchangamfu wa Kiswahili cha kambini, aliniuliza ile ni misumari ya nini. Nikamweleza. Akasema ni desturi nzuri, wataiendeleza.

"Na wewe, mzee wangu, uliwahi kumpiga mtu?"

Hakuna aliyewahi kuniita mzee kabla ya siku ile. "Nilimpiga makanika wa Kimihurura," nikasema. "Alikuwa amenipiga mara mbili."

"Alikuwa kilo ngapi?"

"Sitini na tano zake mwenyewe. Hakukauka. Na kabla yangu hakuna aliyemlaza."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. Nilisubiri. Yule kijana akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaniokotea kipande cha tofali cha kugongea. "Basi huo ni ushindi mzima, mzee. Chagua msumari wako, au gonga mpya."

Kesho yake nilirudi na kopo la biskuti. Nilizitoa bandeji, zimekauka na kunyooka kama mbao, alama za jasho bado ziko pale pale. Vijana waliacha kupiga mfuko wakasimama kunitazama, wote wako tayari kupiga makofi. Nilikaa kwenye benchi, lile la maswali, bandeji mkononi, nikisubiri mtu mmoja tu abishe, kama alivyobisha mwalimu.